Mama Kebo Aliyemuua Jirani

Pale hospitalini alijulikana kama Mama Kebo, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuvunja vioo. Kazi yake ilikuwa mtandao. Swichi zake mbili, yaani mitambo ya kuunganisha kompyuta, moja kwenye jengo la ofisi na nyingine wodini, alizisifia kama wanawe. "Zangu zina adabu," alikuwa akisema. "Zinasalimiana kila sekunde kumi. Moja ikikosa salamu sekunde arobaini, inaandika kwamba jirani amekufa, na njia ya kwenda kwake inaifuta."

Jumanne asubuhi alijifungia kwenye kachumba ka mitambo, kanakopakana ukuta na ofisi ya katibu muhtasi. Aligundua swichi ya ofisini inazisalimia hata printa, ambazo hazijui kuitikia. Upuuzi gani huu! Akaandika amri ya kuinyamazisha milango yake yote ya kebo kwa mpigo, ili baadaye aufungue ule mmoja tu unaoelekea wodini. Kabla hajaufungua, chai ikammwagikia sketi.

Bado anajipangusa, simu ikalia. Alikuwa fundi mwenzake wa wodini, waliyemwita Mlingoti.

"Dada, huku mtandao umekatika! Swichi inasema jirani amekufa!"

"Mungu wangu!" Mama Kebo akapiga ukelele. "Nimemuua mimi! Nimemziba mdomo kwa mikono yangu mwenyewe!"

Upande wa pili wa ukuta, katibu muhtasi akaangusha kalamu. Alikaa mtaa mmoja na Mama Kebo, na alijua vizuri kwamba huyo mama na jirani yake wamenuniana mwezi mzima kwa sababu ya kamba ya kuanikia nguo. Akapiga simu mtaani, kisha akatoka mbio kumwita mkuu wa ofisi.

Punde mlango ukajaa watu: mkuu, nesi na mlinzi mwenye rungu.

"Mama Kebo," mkuu akauliza kwa upole wa kutisha, "mwili uko wapi?"

"Mwili gani tena? Ngojeni kwanza nimfufue!"

Mlinzi akarudi nyuma hatua tatu. Mama Kebo akaandika amri aliyoisahau, ya kuufungua mlango wa wodini, akaikodolea macho skrini. "Salimia, mwanangu. Salimia basi." Kimya. Kisha mstari mmoja ukatokea. "Kafufuka!" Nesi akakaa sakafuni.

Kuwaeleza kulichukua nusu saa na michoro mitatu. Hawajatawanyika, jirani mwenyewe akaingia akihema, vibanio vya nguo bado vimening'inia kwenye kanga, akitaka kujua nani amemuua. Mama Kebo akaanza maelezo upya. Jirani akasikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo ulimziba mdomo mwenyewe, halafu ukaambiwa amekufa kwa kuwa hasikiki?"

"Ndiyo, dada."

"Na ikatosha kumfungulia mdomo tu?"

"Ndiyo."

"Sasa mbona mimi mwezi wa pili huu unaingia hunisalimii?"

Watu wote wakamgeukia Mama Kebo. Akafungua mdomo. Kisha, kwa sauti ndogo ambayo hakuna aliyewahi kuisikia pale kazini, akasema, "Habari za asubuhi, jirani."