Siku Mama Aliponitoa Niwe Mnyongaji

Mchungaji wetu mpya alitoka Taita, na kwa ajili yake ibada za kanisa letu kule Magwagwa zikaanza kuendeshwa kwa Kiswahili. Mpaka wakati huo tulikuwa tukisali, tukigombana na kusameheana kwa Ekegusii. Wazee walijitahidi, na mama yangu alijitahidi kuwashinda wote. Aliongea Kiswahili kwa kasi kama mtu anayeteremka mlima, ngeli zikimwanguka njiani, wala hakugeuka kuziokota.

Mchungaji ndiye aliyeleta wazo la mdahalo. Sabato mchana, baada ya chakula, waumini walikuwa wakisinzia kwenye viti, naye akaona mabishano kidogo yatawaamsha. Akaandika ubaoni: Je, hukumu ya kifo ni ya haki? Sheria yetu bado inayo hukumu hiyo, lakini miaka mingi imepita bila mtu kunyongwa, kwa hivyo sote tuliona ni mada isiyoweza kumdhuru yeyote.

Mama alipewa upande wa kuunga mkono. Upande wa kupinga alipewa jirani yetu, askari jela mstaafu, mzee mrefu mwenye sauti ya upole. Tulidhani mchungaji amechanganya majina. Askari jela kupinga kamba?

Mama alianza.

"Mtu ameua mtu," alisema. "Yule ameuliwa hawezi kula tena, hawezi kulima, hawezi kuona wajukuu yake. Na huyu mwingine yuko jela anakula ugali ya serikali! Asubuhi uji, mchana ugali, jioni ugali. Mimi nimechuma majani chai tangu niolewe na hakuna mtu ananipikia. Hiyo ni haki gani? Anyongwe!"

Wanawake wakapiga makofi. Hata mimi nilipiga, ingawa nadhani walioshangiliwa hasa ni wale watatu: uji, ugali na ugali.

Mzee askari jela akasimama taratibu.

"Mimi nililinda watu waliohukumiwa kifo miaka mingi," alisema. "Wao walikuwa wakingoja kamba, mimi nilikuwa nikingoja uhamisho. Hakuna aliyepata."

Tukacheka. Akangoja tumalize.

"Mmoja wao alikaa miaka kumi na moja. Halafu mahakama ya rufani ikasema si yeye aliyeua. Nilimfungulia lango mimi mwenyewe. Akasimama pale nje, hajui aelekee kulia au kushoto. Nikajiuliza, kama tungemnyonga mwaka wa kwanza, leo ningemfungulia nani?"

Kisha akaongeza, bila kupandisha sauti:

"Jambo jingine ni kwamba hiyo haki mnayoitaka ina kazi ya mikono. Lazima mtu avute kile chuma kinachofungua sakafu chini ya miguu ya mtu. Nani hapa atavuta?"

Watu wakaanza kuchunguza viatu vyao. Mama aliona ushindi unamponyoka mbele ya macho yake. Akaniangalia, na nikajua kuna jambo linakuja.

"Mwanangu atavuta!" alisema, akininyooshea kidole. "Huyu ni mwalimu wa hesabu. Atapima kamba vizuri. Na Jumapili hana kazi."

"Baba!" nikapiga kelele.

Mchungaji akageuka kumtafuta baba yangu. Maskini, hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba kwa Ekegusii "baba" ni mama. Baba mwenyewe alikuwa kiti cha nyuma, akicheka mpaka miwani imemtoka. Mdahalo uliishia hapo. Hakuna aliyehesabu kura.

Nilidhani ni mzaha wa siku moja. Jumatatu, kwenye banda la kupimia majani chai, mama mmoja aliniuliza kama serikali imeshanitumia barua. Shuleni kwangu, karibu na Sironga, habari ilinitangulia. Mwanafunzi wa kidato cha pili aliinua mkono akauliza, kwa adabu kabisa, kama swali la kamba litakuja kwenye mtihani. Wiki ilipokwisha jina langu lilikuwa limesahaulika. Nilikuwa Mnyongaji.

Ningevumilia, lakini wakati huo nilikuwa nimechumbia. Mchumba wangu alikuwa mwalimu wa baiolojia, na kwao ni Nyamarambe. Akanipigia simu.

"Nyumbani wamesikia umeajiriwa magereza," alisema.

"Nani kawaambia?"

"Shangazi. Ana rafiki anayenunua ndizi huko kwenu. Anasema umeshaanza mafunzo."

"Na wewe umewaambia nini?"

"Nimewaambia si kweli. Wakasema, mnyongaji hawezi kumwambia mchumba wake."

Ziara ya kujitambulisha ilikuwa imebaki wiki mbili. Nilimweleza mama. Akasema, "Nitaongea mimi."

Tukaenda, mimi na mama na baba. Tulikaribishwa vizuri, tukapewa chai na viazi vitamu. Nyanya wa mchumba wangu alikuwa amekaa karibu na mlango, fimbo magotini, akinikagua mikono. Baba mkwe akakohoa.

"Mwalimu," alisema, "kuna maneno yametufikia. Si vizuri kuyaficha kabla ya kula pamoja."

Mama alisimama kabla sijafungua mdomo. Huko tuliongea Ekegusii, na mama katika lugha yake mwenyewe ni hatari zaidi. Alisema kijana wake hajanyonga hata panya. Alisema kunyonga ni kazi mbaya na hukumu yenyewe ni mbaya. Alisema yuko mtu aliyekaa jela miaka kumi na moja bure, na siku alipofunguliwa lango hakujua aelekee kulia au kushoto, na kama wangemnyonga mwaka wa kwanza, nani angefunguliwa? Aliyasimulia kana kwamba funguo zilikuwa mkononi mwake. Alifuta machozi. Baba alimwangalia kama mtu anayemwona mkewe kwa mara ya kwanza.

Baba mkwe alitikisa kichwa kukubali, ameguswa. Lakini nyanya akagonga fimbo sakafuni.

"Kwa hivyo hanyongi?"

"Hanyongi, mama," alisema mama yangu. "Hata kuku tunamwita jirani achinje."

"Basi ni hasara," alisema nyanya. "Mimi nilikuwa nimefurahi."

Nyanya akaeleza kwamba ng'ombe wake waliibwa mara mbili, na mara ya pili wezi walimkata panga kijana aliyekuwa akiwachunga, akafa. Tangu hapo amekuwa akingoja familia ipate mtu wake serikalini. Mama akasema pole, lakini kamba haitamrudisha yule kijana. Nyanya akasema hata jela haitamrudisha, wala ng'ombe. Mama akasema je, kama wakikamata mtu asiye mwenyewe? Nyanya akasema wakamate mwenyewe, wana kazi gani? Kuku wa kuchemsha akapoa. Baba mkwe akaniinamia, akanong'ona, "Unaweza kuwanyamazisha?" Nikamwambia siwezi. "Hata mimi," alisema, akavuta sahani ya ugali. Nadhani ni hapo nilipokubaliwa.

Tulipokuwa tukiteremka kwenda barabarani, mama amejitwika mkungu wa ndizi aliopewa, nilimuuliza kama aliyasema yale kuokoa ndoa tu.

"Nilikuwa nimepanga hivyo," alisema. Akatembea hatua kadhaa. "Lakini ile siku kanisani nilipokunyooshea kidole, nilikuona umeshika kile chuma. Nilikuona kabisa. Watu walikuwa wanacheka, na mimi nilitaka kukunyang'anya. Tangu siku hiyo sijalala vizuri."

Nikampokea ndizi.

Tulifunga ndoa Disemba. Mama na nyanya waliketishwa mbali mmoja na mwenzake, wakahama viti wenyewe ili waendelee kubishana. Baadaye walibadilishana namba za simu, na kila redio ikitangaza kesi ya mauaji, mmoja humpigia mwingine. Mke wangu husema hawa wawili wamesikiliza kesi nyingi kuliko majaji.

Kisha mwaka jana mwizi wa ndizi alikamatwa shambani kwa nyanya, mchana kweupe, mtu mzima mwenye panga na gunia. Watu walifika na mawe, mmoja na tairi la kumchomea. Nyanya alitoka nyumbani na fimbo yake, akajipenyeza mpaka katikati, akasimama mbele ya yule mtu.

"Huyu ni mwizi wangu," alisema. "Atakayemgusa, nitaanza na yeye."

Yeye mwenyewe alimpeleka kwa chifu, polepole kama anavyotembea, mwizi amebeba mkungu, umati unafuata nyuma ukinung'unika.

Mama alipopata habari alimpigia mara moja. Mimi na mke wangu tulikuwa tumekaa karibu, tukisikia yote.

"Kumbe tumekubaliana!" mama alipaza sauti.

"Hatujakubaliana," alisema nyanya. "Wanyongwe tu."

"Lakini huyu umemlinda!"

"Huyu nilimwona uso," alisema nyanya. "Wale ninaotaka wanyongwe ni wale ambao sijawaona."

Mama akahamishia simu sikio la pili. Halafu akamuuliza kama mvua imenyesha Nyamarambe.