Anza na Langu

Bora niwasimulie mwenyewe, maana Changamwe bado wapo watu ambao, nikiwapa lifti, huinua kwanza zulia la gari langu wakachungulia, kisha ndipo waketi. Siku moja nilinaswa mbele ya umma na sheria niliyoiandika kwa mkono wangu.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Nilikuwa karani bandarini, jioni nikisomesha watoto Kurani chuoni, na Jumapili (Mola anisamehe, kila mtu ana ugonjwa wake) nikishindana magari na wenzangu kumi na wawili kwenye uwanja wa vumbi nyuma ya Port Reitz. Magari yenye kompyuta ya injini yalikuwa yameanza kuingia kwa wingi, na mwenye jamaa Dubai aliweza kuagiza kompyuta nyingine, ya mashindano, inayoipa injini nguvu zaidi, lakini bei yake ni karibu nusu ya gari. Tukaona tukiiruhusu, sisi wa mishahara tutabaki watazamaji. Basi mimi, katibu, nikaandika kwamba kila gari litumie kompyuta lililotoka nayo kiwandani, na atakayekutwa na nyingine ushindi wake ufutwe na kompyuta ichukuliwe papo hapo. Nikaisoma kwa sauti ya hotuba ya Ijumaa.

Basi Jumapili moja nikashinda. Lakini nyuma yangu, karibu kunigusa, alikuwa Katana, mchomeleaji wa Kisauni, na kigari chake kikuukuu, nami nikaingiwa na shaka. Nikamwambia fundi wetu, Saidi, ayakague magari yote mawili, na ili nisionekane namshuku mtu, nikapaza sauti wasikie wote, hasa wazee wawili wa msikiti wetu waliokuja kunitazama kwa mara ya kwanza: "Anza na langu."

Saidi akainua zulia upande wa abiria, akaniita. Palikuwa na kisanduku cha buluu, kompyuta ya mashindano, nyaya zake zimekatwa na kuungwa kwa tepu. Gari nililinunua limeshatumika, na wallahi zulia lile sikuwahi kuliinua. Kasi yake nilikuwa nikiwaambia watu ni bismillahi na kubadilisha oili kwa wakati.

"Maalim," mtu akauliza nyuma yangu, "na hii nayo imekuja kwa bismillahi?"

Walicheka mpaka wengine wakaketi chini. Nikaeleza habari za aliyeniuzia, na kila nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kufanana na mwongo. Wale wazee wakawa wanatazama viatu vyao, nami nikajiona kesho nikiingia chuoni, nani atanikabidhi mwanawe? Saidi akaing'oa kompyuta kama sheria ilivyosema, na gari (hilo sikuliandika) haliwaki bila kompyuta, likabaki katikati ya uwanja kama kaburi.

La Katana likakaguliwa, likakutwa safi, akapewa ushindi. Badala ya kusherehekea akaja na kamba.

"Nilikushuku wewe," nikamwambia.

"Najua, Mzee. Ulinitazama kama gunia la magendo." Akainama kufunga kamba, kisha akawageukia watu. "Lakini nyie mnaocheka, hebu niambieni. Mtu anayejua ana kitu chini ya zulia, atasema anza na langu?"

Kicheko kikakatika. Mmoja wa wale wazee akatikisa kichwa kukubali, akaja kunishika mkono, akasema tuwahi, Magharibi isitupite.

Katana akanivuta hadi mlangoni kwangu. Kompyuta mpya ya kiwandani ilishinda mshahara wangu wa miezi mitatu, basi akazunguka Kisauni kwa wauza vyuma mpaka akanipatia moja ya gari lililogongwa, kwa bei ya kuvumilika.

Nimeapa sitawaita tena watu waje kushuhudia usafi wangu. Na tangu siku ile haipiti alfajiri nisimwombee Katana. Yeye ni Mkristo, na nilipomwambia hivyo alishukuru, akauliza kama naweza kumwombea na matairi.