Mtu Aliyeanguka Ngazini

"Weye? Redio ya Papa ulifungua, mupaka leo iko vipande-vipande!" Kaka yangu mkubwa, Yaya Dieudonné, alinicheka mbele ya majirani. Wote walisema sitaweza kamwe kuutengeneza, kwenye kompyuta ndogo ya mjomba, ule mchezo wa video wa mashine iliyokuwa katika kafe moja ya mjini, wa mtu anayepanda ngazi akiruka mapipa. Leo nimerudi Lubumbashi na diploma ya Ulaya, lakini niliuweza nikiwa bado mtoto, kabla ya diploma yoyote. Juzi nilimwona mtoto akiucheza kwenye simu, nikasikia tena harufu ya vumbi la televisheni yetu iliyopata joto, ile niliyoiunganisha na kompyuta ya mjomba.

Alasiri niliyoumaliza mchezo, Papa aliingia akitoka mgodini, buti bado miguuni. Nilimwita atazame. Mtu wangu alipanda, akakosa kipago kimoja, akaanguka. Papa aliruka, akanyoosha mikono yote miwili hadi kwenye kioo.

"Usiogope, Papa. Iko na maisha tatu."

Mtu akasimama tena chini ya ngazi.

"Fanya aanguke tena," Papa alisema.

Nilimwangusha na kumwinua mpaka sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo, ikapoa mezani. Nilijivuna kweli: mchezo wangu umemnasa mtu mzima! Nilikuwa mtu mzima tayari, Mama aliponiambia kwamba asubuhi ya siku ile mwenzake Papa alianguka kwenye ngazi ya mgodi, akafa mbele ya macho yake. Ndipo nikakumbuka alivyokuwa akinong'ona kila mtu wangu aliposimama: "Panda, ndugu yangu. Panda polepole."