Mchezo wa Saa Nane

Mpiga pasi wa hospitali alidhalilishwa na mdogo wake wa tumbo moja, mbele ya wafuaji wote, tena kwa makusudi. Tuanzie hapo, maana watu hupenda kuanzia kwingine, eti yeye ndiye mwenye roho mbaya.

Redio ilikaa chumba cha pasi, juu ya kabati la shuka. Mchezo wa kuigiza ulirushwa saa nane, wakati wenzake wako kwenye mashine za kufulia, kelele tupu. Basi yeye alisikiliza kwa niaba ya wote. Saa ya chai walimzunguka, vidole vimekunjamana kwa sabuni.

"Haya, tupe! Yule mume karudi?"

Hakuwapa haraka. Alimaliza kukunja shuka, akakohoa kama yule mzee, akabana pua kama mama mkwe, na palipopwaya akatia chumvi. Shule hakuiona, lakini saa ya chai ilikuwa yake.

Ndipo alipomwombea mdogo wake kazi hapohapo. Mdogo mtu akaja na simu na kispika kidogo. Mchezo umo ndani ya simu, anaufungua akitaka, anausimamisha mtu aende chooni, anaurudisha nyuma.

Siku hiyo mpiga pasi alikuwa anasimulia jinsi mume alivyorudi, akapiga magoti mlangoni, analia.

"Dada, magoti alipiga saa ngapi? Mbona mimi sikumsikia?"

"Masikio yako yana nta."

"Ngoja basi."

Akabonyeza, akaongeza sauti mpaka mwisho. Mume hakurudi. Alimtuma kaka yake akamchukulie koti.

Walicheka hadi chai ikamwagika. "Kumbe siku zote tunalishwa mapishi yako!" Mfuaji mmoja akashika kiuno: "Na yule mtoto niliyemlilia? Alikufa kweli?"

"Hakufa, shoga. Kesho nakuwekea umsikie."

"Mume wangu mimi alikuwa na moyo," mpiga pasi alisema. "Huyo wa kwenye simu ni wa hovyo."

Sasa viti vyote vimehamia kwa mdogo mtu. Kinachomkereketa dada mtu ni kwamba yule hasimulii chochote. Anabonyeza, anatafuna karanga, halafu anaambiwa, "Asante, mpenzi." Yeye aliyewaliza kwa koo lake mwenyewe anasikia vicheko kupitia ukutani, huku redio ikimwimbia peke yake.

Juzi mdogo wake alimfuata nyumbani, jikoni, akafunga mlango. "Dada, nisamehe. Ulikuwa utani tu." Alinong'ona, watoto wasisikie.

Mpiga pasi aliendelea kukoroga chungu. Kutukanwa alitukanwa kwa kispika. Kuombwa radhi anaombwa kwa mnong'ono? Msamaha huo hakuupokea. Mdogo wake bado anadaiwa: saa ya chai, simu imezimwa, mbele ya walewale waliocheka, amwombe radhi kwa sauti itakayofika kwenye mashine.