Mawe Yangu Yenye Alama ya Mkaa

Naikumbuka siku niliyosimama miguuni pa kitanda cha baba yangu mzazi, mgonjwa hoi, nikasema mbele ya watu, "Huyu asibatizwe." Nisikilize vizuri, mwanangu, maana neno lile lilinitoka mimi, binti wa kanisa.

Wakati ule Mwingereza ndiye aliyetawala, nasi tulikuwa tunajenga kanisa letu la mawe huku Mlola. Mawe yalitoka mtoni, chini kabisa, na milima yetu unaijua. Nilibeba kuliko wasichana wote. Tena kila jiwe langu nililichora msalaba kwa mkaa, ili Mungu asije akamhesabia mwingine. Usicheke! Tulikuwa tumezoea bwana shamba wa serikali, aliyepita na fimbo yake kupima matuta tuliyolazimishwa kuchimba, na ole wako yawe mafupi. Nikadhani mbinguni nako kuna fimbo.

Baba, Tate kama tunavyoita kwa Kishambaa, hakubeba hata kokoto. Kila mara alishuka sokoni Mombo na mzigo wa mboga, akarudi amelewa. Mama alilima peke yake mpaka akafa. Mimi nilimpikia baba, nikamfulia, lakini moyoni nilikwisha kumfungia mlango. Nilikuwa na uchungu naye, sifichi.

Kisha akaugua kifua. Asubuhi moja akaagiza aitwe Mzee Zakaria, mwinjilisti wetu, akamwomba ambatize. Mzee alikuja na wazee wawili wa kanisa, na kama ilivyokuwa desturi yake, akatuuliza watu wa nyumbani kama tuna neno. Hapo ndipo nikasema lile la kwangu. Nikaongeza, "Mzee, mimi nimebeba mawe mpaka utosi umeota sugu. Yeye amebeba nini?"

Baba akanigeukia. "Sina kitu, mwanangu. Ndiyo maana naomba."

Mzee Zakaria hakupandisha sauti. "Binti, shikamoo yako niliipokea pale mlangoni. Sasa na wewe pokea neno langu. Jana fundi amemaliza kupiga lipu ukuta wa kanisa. Twende ukanionyeshe jiwe lako."

Misalaba yangu yote ilikuwa imefunikwa na chokaa, pamoja na mawe ya wenzangu.

"Umemfanya Mungu bwana shamba," akasema. "Yule mnyang'anyi aliyesulubiwa pamoja na Bwana alichimba tuta gani? Mikono yake ilikuwa imepigiliwa misumari. Aliomba tu, akapewa. Na wewe ulibatizwa ukiwa mchanga, umebebwa na mama yako. Siku hiyo ulikuwa umebeba nini?"

Jamani! Nyani haoni kundule. Miaka yote ile nilikuwa natembea na zawadi, nikidhani ni ujira wangu. Nililia pale pale, aibu na hasira vikigombana, nami kwa ukaidi sikuwa mtu wa kulia ovyo.

Mzee hakunibembeleza. Alinipa bakuli akasema, "Kachote maji."

Nikashuka mtoni kwa njia ile ile ya mawe. Sikuwaza nani ananiona. Niliogopa kitu kimoja tu, kwamba nitarudi nikute baba ameshakata roho. Nilimkuta hai. Akabatizwa, na maji yalipotiririka kuelekea sikioni nikayafuta kwa pindo la kanga yangu. Akanishika mkono. Mwezi ule haukwisha, tukamzika kwa nyimbo.

Juma lililofuata ngazi za kanisa zilikuwa bado zinahitaji mawe. Nikabeba, bila mkaa.

Basi, mwanangu, shika hili, na ukitaka kubishana nami uje umeshiba: wokovu haupatikani kwa jasho. Hutolewa bure, nawe huupokea kwa imani, mikono mitupu. Matendo mema yafanye, tena bila uvivu, kama mtoto anayemsaidia baba yake shambani. Halimi ili awe mtoto, ni mtoto tayari. Na akija mtu kuomba, hata awe amekuumiza wewe, usimwulize amebeba nini. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Mungu aliyempokea Tate akupokee na wewe. Akupe nguvu za kupanda milima hii, na siku utakapojikuta huna kitu cha kumwonyesha, akupe moyo wa kunyoosha mikono hiyo hiyo mitupu.