Tambi Zisizo na Sukari

Sifa zote njema ni zake Mola aliyetupa ulimi wa kuonja, na kwa ulimi huohuo akatuamrisha tushukuru. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu, jamaa zake na masahaba zake. Wajukuu zangu hapa Ibra hunitaka nikihadithie kisa hiki kila tambi zinapopikwa, na nimeona bora nikiandike maadamu bado nakikumbuka.

Ilikuwa miaka ya sabini, inaelekea kwisha. Wazee wetu walikuwa wamehamia Oman kutoka Unguja miaka michache nyuma. Sisi tulikaa Ibra, na rafiki yangu niliyesoma naye chuo cha Kurani na skuli tangu utoto, wazee wake walikaa Sur. Serikali ikatupeleka nje kusoma. Mimi nilikwenda Uingereza kusomea ualimu, yeye akaenda Italia, mji wa Perugia, aanze na lugha yao kisha asomee uhandisi.

Likizo moja nilikuwa nyumbani, na tiketi yangu ya kurudi ilipitia Roma. Mama yake rafiki yangu aliposikia, akatuma mtu niende Sur. Nikapanda Landrova na abiria wengine, nikafika vumbi limenijaa mpaka kwenye kope.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Ndugu yako anataka kurudi." Hakungoja hata nikae. Kijana mmoja aliyetoka huko alimpa khabari kwamba mwanawe amekonda, anakula mkate na mayai tu, na amesema ataacha masomo. "Baba yake anasema na arudi. Mimi nasema arudi na shahada yake. Nenda kamtazame ana nini, wala usinifiche."

Akanipa furushi la kumpelekea: iliki, zabibu, mdalasini, halwa, na paketi za tambi.

Rafiki yangu alinipokea stesheni ya Perugia. Shati lilimning'inia kama limetundikwa msumarini. Tulipofika chumbani kwake akafungua furushi, akaziona tambi, akacheka mpaka akakaa chini.

"Yakhe! Mama ameniletea tambi Italia? Huku ndiko kwao!"

"Sasa kama ndiko kwao, mbona wewe huli?"

Akaacha kucheka. Alikuwa amepanga kwa bibi mmoja mjane, na makubaliano yalikuwa chumba pamoja na chakula cha usiku. "Tulikoseana siku ya kwanza," aliniambia. "Tangu hapo ananiwekea mkate na mayai mlangoni, hasemi na mimi. Chakula cha nje nakiogopa, sijui kipi kina mafuta ya nguruwe. Nimeichoka nyumba ya kimya. Mwezi ujao narudi."

"Mlikoseana nini?"

"Ah, wacha, bwana."

Jioni tukatoka kutembea. Nilishangaa kuona mji mzima uko njiani: wazee waliovaa kama wanakwenda harusini, mabibi wameshikana mikono, kila mtu anasimama kumwuliza mwenziwe hali. Hawakuwa na wanalolifuata ila salamu. Nikamwambia, "Hawa ni watu wa baraza, ila wao baraza yao inatembea." Akacheka, lakini tulipompita mwenye nyumba wake kwenye kundi la mabibi, akainamisha kichwa.

Kesho yake adhuhuri, tumemaliza kusali, mlango ukagongwa. Alikuwa ni yule bibi, kavaa aproni. Alisema maneno mengi, na rafiki yangu akanitafsiria kwa sauti ndogo: "Anasema mgeni aliyevuka bahari hali mkate wa mlangoni. Anasema kapika kwa mafuta ya zaituni, hamna nyama, hamna mvinyo. Twende, lakini nakuomba, kula unyamaze."

Mezani paliwekwa sahani za tambi ndefu, nyekundu kwa tungule, ndizo nyanya, zina vitunguu thomu, na juu yake majani ya mrehani. Mrehani! Kwetu wanawake huutia nyweleni, yeye kautia chakulani. Nikasema Bismillahi, nikaonja. Chumvi. Chumvi na ukali wa tungule. Nikajisemea, maskini, uzee huu, kasahau.

"Sukari," nikamwomba kwa adabu, nikimwonyesha kwa vidole namna ya kunyunyiza.

Rafiki yangu akanipiga teke chini ya meza. Nikadhani bibi hakusikia. "Sukari, mama." Neno lao liko karibu na letu, hakuhitaji tafsiri. Akaweka uma chini. Akanitazama mimi, akamtazama yeye, akanirudia mimi.

"Na huyu pia?" akauliza.

Hapo ndipo nilipofahamu. "Kwani na wewe..."

"Siku ya kwanza!" rafiki yangu akasema, uso katika viganja. "Nilimwomba sukari, akaninyang'anya sahani!"

Nikashindwa kujizuia kucheka. Bibi akamtaka ajieleze, na safari hii lugha alikuwa nayo. Akamwambia kwamba kwetu tambi ni kitu kitamu, cha futari na cha Idi, na mtu akikupa tambi za chumvi utamhurumia. Bibi hakuamini. Akatuonyesha jiko. "Nipikieni nizione."

Nikaleta furushi. Alisimama nyuma yetu, mikono kifuani. Nilipozivunjavunja tambi akapiga ukelele. Nilipozikaanga zikawa nyekundu akasema, "Unaziunguza!" Nikatia maji, sukari, zabibu, mdalasini, nikaponda iliki, na jiko zima likanukia nyumba ya mama yake Sur. Bibi akachota kijiko. Akachota cha pili, akavuta kiti, akakaa.

Akasema mama yake, huko kijijini kwao vilimani, kwa sikukuu moja ya baridi alikuwa akipika makaroni kwa sukari, njugu na mdalasini, na tangu afariki hakuna mtu aliyempikia tena. Kisha akamgeukia rafiki yangu. "Miezi yote hii nadhani unanitukana! Mbona hukusema, mpumbavu wee?"

"Nilikuwa sina maneno."

"Na ulipoyapata?"

"Nikaona haya."

Akamjazia sahani. Ile ya chumvi.

Siku zilizobaki tulikula pamoja, maharage, samaki, mboga za namna ambayo sijapata kula tena. Ikawa bibi ndiye anayewahoji wauza mikate wametia mafuta gani. Rafiki yangu akisema bibi amekuwa mkali kuliko mwalimu wetu wa chuoni. Siku ya kuondoka, stesheni, nikamwuliza, "Nimwambie nini mama?"

"Mwambie alete iliki zaidi."

Akamaliza, akarudi muhandisi katika miaka ya themanini. Akatualika Sur, akaingia jikoni mwenyewe, akamwekea mama yake sahani ya tambi za tungule, na juu yake mrehani uliochumwa uani.

"Huu si mrehani wangu?" mama akauliza.

"Ndio, mama. Onja."

Akaonja. Akatafuna polepole, akammeza mwanawe kwa macho.

"Alhamdulillahi. Umekula, umesoma, umenirudia mzima. Nzuri sana, mwanangu. Haya, sasa niletee sukari."

Nawe uliyesoma mpaka hapa, Mola akuruzuku chakula cha halali na watu wa kula nawe, na ukiwa ugenini akukutanishe na mwenye moyo wa kuuliza kabla ya kukasirika. Amin.