Ndoo ya Rezini na Maombi ya Mama

Mimi kazi yangu ni faiba. Kule Kakiika, kwenye karakana yetu, tunatengeneza matangi na bampa za mabasi: unatandaza mkeka wa nyuzi za kioo, unaupaka rezini, ule utomvu mzito, halafu unatandaza mwingine juu yake. Nyuzi peke yake ni kitambaa tu. Rezini peke yake inavunjika kama biskuti. Zikishikana, hata ukipiga nyundo unajisumbua. Lakini ukishaitia rezini dawa ya kukausha, hapo hakuna mchezo. Juani inaganda upesi mno.

Haya yote niliwaeleza wazee wa kanisa letu la kambini Rubondo. Niliwaeleza polepole, wakaitikia kwa vichwa.

Birika la ubatizo lilikuwa limepasuka, maji tuliyochota kwa pampu yote yananywewa na udongo. Na mama alikuwa apasuliwe macho hospitali ya Ruharo siku ya Jumatatu. Aliogopa kulala kwenye meza ile kabla hajabatizwa. Alinyunyiziwa maji utotoni, ndiyo, lakini husema, "Matone haihesabiki. Mutu anaingia muzima." Ziwani kuna viboko, na yeye haoni. Basi nikaomba kwa bosi vipande vya mkeka na masalio ya rezini, ndoo isiyojaa, nikafika navyo Jumamosi ili nilizibe birika, mama abatizwe kesho yake.

Kanisa zima lilikuja kutazama. Mzee mmoja wa kanisa akaomba, tukasema amina. Nikamuuliza, "Tumemaliza?"

"Anza, mutoto wangu."

Nikamimina dawa yote, nikakoroga. Ndipo akainua mkono. "Ngoja. Hiyo dawa nayo tuiombee. Mama, wewe ndiye unabatizwa, utuongoze."

Nilichoka hapo hapo. Mzee ningeweza kumkatiza. Mama je? Mama haombi kwa jumla kama watu wengine. Anataja watoto wake wote kuanzia wa kwanza, walio hai na wale tuliowazika Kivu kabla ya kukimbia, kila mmoja na habari zake. Mimi ndiye kitindamimba. Nimesimama na brashi mkononi, macho wazi, naiona rezini inakuwa nzito. Nikanong'ona, "Mama." Yeye ndio kwanza akapaza sauti. Ndoo ikaanza kutoa moshi.

"Imeshika!" nikasema kwa nguvu. "Acheni, imeshaharibika."

Nilipopindua ndoo hakikutoka kitu. Jiwe. Nikaitupa brashi chini.

"Usikasirike," mzee akasema. "Mungu anajua wakati."

"Mungu anajua, sawa. Rezini haijui."

Wengine wakacheka, wakaenda zao kupika.

Jumatatu tukaenda Ruharo, mama hajabatizwa. Njia nzima nilikuwa nimenuna. Tulipokaa kwenye benchi la hospitali, nikamwambia waziwazi: yale maombi yake marefu ndiyo yaliyomnyima ubatizo. Nilimwambia kwa ukali, kama namgombeza mtoto.

Mama alipapasa mpaka akaupata mkono wangu, vidole vyangu bado vina rezini iliyoganda.

"Ulinikata fasi mubaya," akasema. "Nilikuwa nimefika kwa dada yako mwenye alikutangulia. Kwako nilikuwa bado."

Akafumba macho, akaanza upya, kwa mtoto wa kwanza. Muuguzi akatokea mlangoni, akaita jina lake. Nikamwinulia mkono, nikamwambia angoje.